Kusafisha Makosa ya Wakati katika Hadithi ya Kihistoria: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mwandishi mwenye riwaya au hadithi fupi inayotokea zamani, ambaye hataki msomaji wa Malindi au Funguni afunge kitabu kwa sababu ya sarafu iliyotajwa mwaka usio wake. Hatua ni 12. Zifuate kwa mpangilio uliopo. Usiruke hata moja, na usianze inayofuata kabla ya kumaliza ukaguzi wa iliyotangulia.

Mfano utakaotumika tangu mwanzo hadi mwisho ni onyesho moja: mjakazi wa nyumba ya Shangani, Unguja, anatumwa na bibi yake apeleke barua Ng'ambo usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 27 Agosti 1896. Asubuhi yake manowari za Waingereza zinalipiga mizinga kasri alimojifungia Khalid bin Barghash. Mjakazi, bibi na barua ni vya kubuni. Kasri, manowari na tarehe si vya kubuni.

Vifaa

Daftari moja la kurasa 200. Kadi tupu 100. Penseli mbili, nyekundu na ya buluu. Rula ya sentimita 30. Ramani mbili za mahali pa hadithi: moja ya wakati wa tukio au karibu yake, nyingine ya leo.

Istilahi

*Kosa la wakati*: kitu, jengo, neno, sheria au wazo lililowekwa katika mwaka ambao lilikuwa bado halijaja, au lilikuwa limekwisha kutoweka.

*Tarehe ya tukio*: siku, mwezi na mwaka wa onyesho unaloliandika.

*Chanzo cha awali*: maandishi, picha au kifaa kilichotengenezwa wakati wa tukio, au maelezo ya mtu aliyelishuhudia.

*Chanzo cha upili*: kazi ya mtu wa baadaye aliyevisoma vyanzo vya awali.

*Kadi*: karatasi yenye dai moja tu, chanzo chake, na tarehe ambayo kitu kinachotajwa kilianza au kilikoma.

Hatua ya 1: Funga tarehe, mahali na macho

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari sentensi tatu: tukio ni lini, ni wapi, na nani anayeliona. "Enzi za masultani" si tarehe. "Agosti 1896" ni tarehe, na kwa mwezi ule hata hiyo haitoshi: Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa tarehe 25, Khalid akaingia kasri siku hiyohiyo, na tarehe 27 alikuwa amekwisha kukimbilia ubalozi wa Wajerumani. Onyesho likisogezwa siku tatu, mtawala anabadilika.

Sentensi ya tatu, ya macho, ndiyo waandishi wengi wanayoiruka. Mjakazi hajui jina la kamanda wa manowari. Hajui kwamba Waingereza wametoa muda wa mwisho wa saa tatu asubuhi, ila kama amesikia watu wakinong'ona. Ukikijua anachokijua, umepunguza nusu ya mambo ya kuthibitisha.

*Ukaguzi*: mpe mtu mwingine ukurasa huo. Akikuuliza "siku gani?", rudia hatua hii.

Hatua ya 2: Chora mstari wa miaka

Chora mstari wa sentimita 30 kwa rula. Kila sentimita ni mwaka mmoja. Kwa mfano wetu, mstari unaanza 1870 na kuishia 1900. Juu ya mstari andika watawala: Barghash bin Said 1870 hadi 1888, Khalifa bin Said hadi 1890, Ali bin Said hadi 1893, Hamad bin Thuwaini hadi Agosti 1896, Khalid kwa siku mbili, kisha Hamoud bin Mohammed. Chini ya mstari andika matukio: kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu ya Unguja, kufungwa kwa soko la watumwa Juni 1873, waya wa simu ya maandishi kutoka Aden 1879, kujengwa kwa jumba la Beit al-Ajaib 1883, himaya ya Waingereza 1890.

*Ukaguzi*: weka kidole kwenye tarehe ya tukio. Kila kilicho kulia kwa kidole, mhusika wako hakijui, hakitarajii, na hakitajwi mbele yake.

Hatua ya 3: Andika rasimu ya onyesho zima bila kusimama

Usitafute chochote sasa. Unapokuwa na shaka, weka alama ya nyota na uendelee. Mwandishi anayesimama kila sentensi kutafuta bei ya muhogo huishia na daftari zuri na hadithi iliyokufa.

Hatua ya 4: Pigia mstari kila dai

Soma rasimu ukiwa na penseli mbili. Nyekundu: vitu, majengo, fedha, nguo, chakula, hali ya hewa. Buluu: maneno ya mazungumzo, vyeo, sheria, mawazo. Kila kilichopigiwa mstari kinapata kadi yake, chenye nyota na kisicho na nyota. Makosa mabaya zaidi hukaa pale ambapo mwandishi hakuwa na shaka.

*Ukaguzi*: ukurasa mmoja wa rasimu ukikupa kadi chini ya kumi, umepita haraka. Rudia.

Hatua ya 5: Linganisha mahali pa leo na mahali pa wakati ule

Usitegemee matembezi yako peke yake. Mji unaoutembelea umejengwa juu ya mji unaouandika.

Tandaza ramani mbili, ya zamani kushoto, ya leo kulia. Fuata njia ya mhusika kwa kidole kwenye ramani zote mbili kwa wakati mmoja, na simama kila zinapotofautiana. Kwa mjakazi wetu zinatofautiana hapa:

Kwanza, mbele ya Beit al-Ajaib. Leo watu wanaijua sura ya jumba hilo ikiwa na mnara wa saa katikati ya uso wake, mnara ulioporomoka pamoja na sehemu ya jengo Desemba 2020. Lakini usiku wa tukio mnara haukuwa umeshikana na jumba. Ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari. Mizinga ya asubuhi iliyofuata ndiyo iliyouharibu, na mnara wa kwenye jumba ukajengwa baadaye. Mjakazi akiinua macho kuitazama saa kwenye uso wa jumba, hilo ni kosa la wakati.

Pili, kando ya Beit al-Ajaib. Pale penye uwazi kati ya jumba hilo na kasri, palikuwa na Beit al-Hukm. Iliangamia asubuhi ileile. Usiku wa tukio bado imesimama, na ina watu ndani.

Tatu, Forodhani. Bustani ni ya miaka ya 1930. Ondoa majani na mabenchi.

Nne, Darajani. Jengo la soko lilifunguliwa 1904. Tena, kati ya mji na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kukauka kwa kufuata maji. Ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Barabara pana unayovuka leo kwa miguu mikavu, mjakazi aliivuka kwa daraja. Jambo hili linabadilisha hadithi yenyewe: daraja lina mlango mmoja wa kupita, na panapo mlango mmoja panaweza kuwa na askari.

Kwa picha za zamani, tumia jengo kama kipimo cha tarehe. Picha ya Beit al-Ajaib yenye mnara kwenye uso wake imepigwa baada ya Agosti 1896, hata kama maelezo yaliyochapishwa chini yake yanasema "wakati wa Barghash". Andika kwenye kadi kile unachokiona pichani, kisha ndipo usome maelezo.

*Ukaguzi*: kila jengo kwenye njia ya mhusika lina kadi yenye mwaka wa kujengwa, na wa kubomoka au kubadilishwa kama ulikuwepo.

Hatua ya 6: Pima mwezi, upepo na maji

Hapa ndipo mwandishi wa pwani hana udhuru, maana mbingu hazikuchomwa pamoja na nyaraka. Hesabu yake hufanyika kwa penseli.

(a) Tafuta siku ambayo mwezi ulikuwa gizani. Tarehe 9 Agosti 1896 jua lilipatwa kabisa. Kupatwa huko kulionekana Norway, Siberia na Japani, si Unguja, lakini kupatwa kwa jua hutokea tu siku mwezi ulipo gizani; kwa hiyo tarehe tumeipata.

(b) Ongeza siku 14. Mwezi mpevu: tarehe 23 Agosti.

(c) Hesabu usiku kuanzia mwezi mpevu hadi tukio. Kuanzia jioni ya tarehe 23 hadi jioni ya tarehe 26 ni siku 3.

(d) Zidisha kwa dakika 50, ambazo ni wastani wa kuchelewa kwa mwezi kila siku. 3 × 50 ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu.

(e) Ongeza jibu kwenye saa ya magharibi. Agosti, Unguja, jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika 20. Mwezi unachomoza karibu saa tatu usiku.

Sasa unajua jambo ambalo hakuna kitabu kitakachokuambia: mjakazi akitoka saa mbili anatembea gizani, akitoka saa nne ana mwezi mkubwa uliopungua kidogo, unaotokea upande wa mashariki, yaani upande wa Ng'ambo anakoelekea. Unamwangaza usoni. Anayemfuata nyuma anamwona wazi, yeye haoni vizuri kilicho mbele yake.

(f) Andika mwezi wa Kiislamu. Mwezi ulioandama baada ya tarehe 9 Agosti ni Mfungo Sita. Tukio linaangukia tarehe 17 au 18, kwa kutegemea kuandama. Maana yake Maulidi yamepita kwa siku chache tu, na sultani amekufa katika mwezi huohuo. Nyumba ya Shangani haiwezi kuwa haikuligusia jambo hilo.

(g) Angalia siku na usiku wake. Kwa hesabu ya pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo usiku wa tukio letu, kinywani mwa mhusika, ni "usiku wa Alhamisi", ingawa kalenda ya ukutani ingeuita Jumatano. Tumia neno la mhusika, lakini hakikisha msomaji hapotei.

(h) Angalia upepo. Agosti ni kusi, inaelekea demani. Majahazi ya Maskati na Ghuba hushuka na kaskazi, Desemba hadi Machi, na hurudi na kusi. "Jahazi limeingia jana kutoka Maskati" haliwezekani Agosti. Kama hadithi inamhitaji mgeni huyo, mpandishe meli ya moshi kupitia Aden. Meli za barua za British India zilikuwa zikifika Unguja tangu 1872.

(i) Angalia maji. Siku tatu baada ya mwezi mpevu ni bamvua bado. Chini ya daraja maji ama yamejaa sana, ama yamekauka sana. Usiandike "maji yalikuwa ya wastani".

*Ukaguzi*: kadi moja yenye mistari mitano: mwezi, magharibi, tarehe ya Kiislamu, upepo, maji. Ibandike juu ya meza.

Hatua ya 7: Hesabu fedha

Andika sarafu zilizokuwa mikononi mwa watu mahali hapo na tarehe hiyo. Unguja 1896: rupia ya Bara Hindi, pesa 64 kwa rupia moja. Reale ya Maria Theresa nayo ilikuwa bado inajulikana. Usishangae kuikuta imeandikwa 1780, kwa kuwa iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo. Shilingi ilifika Unguja 1936. Heller ya Wajerumani ilianza 1904, upande wa Mrima. Kwa hiyo mtu wa 1896 hasemi "hela".

Hatua ya 8: Thibitisha hadhi ya kisheria ya kila mhusika

Fanya hatua hii polepole, kwa sababu kosa hapa linamdhulumu mtu aliyeishi kweli. Andika jina la kila mhusika, na mbele yake sheria iliyomgusa tarehe ya tukio.

Mjakazi wetu ni mtumwa kwa sheria. Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, miezi saba baada ya onyesho letu. Hata hapo haikumfungua mtu nyumbani kwake: ilimlazimu aende mwenyewe kuomba, na masuria waliachwa nje hadi 1909. Kwa upande mwingine, usimweke sokoni. Soko lilifungwa 1873, na palipokuwa soko, kanisa kuu la Waanglikana lilianza kujengwa Desemba ya mwaka huohuo. Amri ya 1890 ilikataza kuuza na kununua watumwa, na ikampa mtumwa haki ya kujikomboa kwa fedha.

Kwa hiyo mwaka 1896 mjakazi hanadiwi hadharani, lakini si huru. Hali hiyo ya katikati ina hadithi ndani yake kuliko minyororo ya sokoni ambayo waandishi wanaikimbilia. Anaweza kuwa na akiba ya pesa zake mwenyewe, zimefungwa kwenye pindo la kaniki. Anaweza kujua mtu fulani alikwenda ubalozini na kilichompata. Hawezi kusema "haki za binadamu".

*Ukaguzi*: kila mhusika ana kadi inayojibu maswali matatu. Nani anaweza kumwadhibu? Anaweza kumiliki nini? Anaweza kwenda wapi bila ruhusa?

Hatua ya 9: Chuja maneno ya mazungumzo

Toa mazungumzo yote kwenye karatasi tofauti. Msimulizi ana uhuru wa Kiswahili cha leo, wahusika hawana. Kagua kila neno lenye mstari wa buluu kwenye kamusi mbili: ya Krapf, 1882, na ya Madan, 1903. Tukio letu liko katikati ya miaka hiyo. Neno lililomo katika zote mbili, lipitishe. Lililomo katika moja, lipitishe kwa alama. Lisilokuwemo kabisa, usilihukumu bado, kwa kuwa kamusi hazikukusanya kila neno la jikoni. Litafute katika "Desturi za Wasuaheli", maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo yaliyochapishwa 1903. Kwa maisha ya ndani ya nyumba, harusi, mazishi na ngoma, sijui chanzo cha awali kinachokizidi kitabu hicho.

Ondoa "shule", lililotoka kwa Wajerumani wa bara. Unguja mtoto alikwenda chuoni. Ondoa "Tanzania", "Tanganyika" kama jina la nchi, na "Kenya". Ng'ambo ya bahari ni Mrima, na nyuma yake ni bara. Mtawala ni Seyyid. Bibi wa nyumba haitwi "mama" na mjakazi wake, anaitwa bibi.

Kagua pia maandishi yaliyomo ndani ya hadithi. Barua anayoibeba mjakazi ni ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, isipokuwa mwandishi wake awe amesomea misheni, kwa mfano Kiungani. Kanga zilikuwepo tayari, lakini jina la kanga kwa herufi za Kilatini ni la baadaye.

*Ukaguzi*: soma mazungumzo kwa sauti mbele ya mzee wa mahali hapo, asiyeijua hadithi. Weka alama pale anapotabasamu au kukunja uso. Usimuulize sababu hadi mwisho.

Hatua ya 10: Pambanisha vyanzo vinavyopingana

Weka kadi zinazopingana pamoja. Mizinga ilianza saa tatu na dakika mbili asubuhi. Ilidumu muda gani? Vyanzo vingine vinasema dakika 38, vingine 45. Usichague ile inayopendeza. Rudi kwenye sentensi ya tatu ya Hatua ya 1: nani anaona? Mjakazi hana saa. Kwake ilikuwa haijafika saa nzima, na HHS Glasgow, meli ya sultani, ilikuwa inazama bandarini. Andika hivyo, na umebaki ndani ya vyanzo vyote viwili.

Msimulizi wako akiwa afisa mwenye saa ya mfukoni, chagua chanzo kimoja, andika kwenye kadi kwa nini umekichagua, na ukitumie kitabu kizima.

Hatua ya 11: Linda ukweli unaofanana na kosa

Tenga kadi za mambo ya kweli ambayo msomaji atayadhania kosa. Beit al-Ajaib ilikuwa na taa za umeme tangu miaka ya 1880. Mji ulikuwa na maji ya bomba yaliyoletwa na Barghash kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Usiyafute kwa woga. Yawekee sababu ndani ya onyesho: mjakazi mwenyewe azishangae taa za jumba kwa kuwa nyumbani kwa bibi yake bado wanawasha mafuta. Mstari mmoja unatosha. Mistari mitano itakuwa mwandishi anajionyesha kwamba amesoma.

Kadi nyingine zote zilizothibitishwa lakini hazimgusi mhusika, zirudishe sandukuni. Katika kadi 100, zikitumika 20 waziwazi, kazi imekwenda vizuri.

Hatua ya 12: Andika Neno la Mwandishi

Andika ukurasa mmoja, usizidi maneno 300, uwekwe mwisho wa kitabu. Taja vitu vitatu kwa mpangilio huu: ulichokibuni, ulichokisogeza kwa makusudi, na pale ulipochagua kati ya vyanzo. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia ya "Kinjeketile" mwaka 1969, alieleza mwanzoni mwake kwamba mhusika wake ni kiumbe cha ubunifu, si Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 1905. Msomaji akaambiwa mapema asimame wapi.

*Ukaguzi wa mwisho*: chukua rasimu safi na kadi zote. Soma sentensi moja, shika kadi yake, iweke chini kifudifudi. Sentensi yenye dai lakini haina kadi inarudi Hatua ya 4. Kadi zikiisha na sentensi zikiisha kwa pamoja, mpelekee mhariri onyesho pamoja na kadi zake.